Maji Yakishapungua, Hesabu Ndiyo Inaanza

Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba mvua za El Niño na mafuriko yake zilikuwa zimeua watu 155 nchini Tanzania na kuathiri wengine wapatao 200,000. Usiku wa kuamkia tarehe 29 mwezi huohuo, ukuta wa maji na tope uliwafagia watu waliolala Mai Mahiu, nchini Kenya, na hadi mvua zile za masika zinakatika, waliokufa Kenya walikuwa karibu 300. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang uliporomosha tope juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Walizikwa watu 89.

Hesabu hizi ni za kweli, na kila moja ina misiba nyuma yake. Ila zote ni hesabu za watu wa aina moja: aliyezama, aliyefukiwa, aliyeangukiwa na ukuta. Hayumo mama wa shinikizo la damu ambaye dawa zake zilikwenda na kabati, akapooza wiki tatu baadaye akiwa kwa shemeji yake wilaya nyingine. Hayumo kichanga aliyeharisha siku mbili katika darasa lililogeuzwa kambi, wala mjamzito ambaye uchungu ulimshika barabara ikiwa bado imekatika. Wakifa, cheti kitaandikwa kiharusi, kuharisha, kutokwa na damu nyingi. Mafuriko hayatatajwa popote.

Kwamba vifo hivi vipo na ni vingi, tunajua kutoka nchi zilizojipa kazi ya kuvihesabu. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilikipiga kisiwa cha Puerto Rico. Kwa miezi mingi serikali ya kisiwa ilishikilia kwamba waliokufa ni 64. Familia zilibisha, waandishi wa habari wakabisha, hatimaye watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington wakapewa kazi ya kuchunguza. Hawakutafuta maiti chini ya kifusi. Walichukua idadi ya vifo vyote vya kuanzia Septemba 2017 hadi Februari 2018, wakailinganisha na idadi ambayo ingetarajiwa kama kimbunga kisingekuja. Agosti 2018 wakatoa jibu: watu 2,975 zaidi ya kawaida. Serikali ikalikubali. Kutoka 64 hadi 2,975. Walioumia zaidi walikuwa maskini na wazee, hasa wanaume wa miaka 65 na kuendelea, na kwao hatari ilikuwa bado ipo juu miezi sita baada ya upepo kutulia. Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima, na sehemu nyingine ulichukua karibu mwaka kurudi. Bila umeme hakuna mashine ya kusafisha figo, hakuna mashine ya oksijeni, na friji ya insulini ni kabati tu.

Japani ilikwenda mbali zaidi, ikaiingiza hesabu hiyo katika sheria. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, familia iliyofiwa miezi kadhaa baadaye iliweza kupeleka maelezo yake mbele ya kamati ya eneo lake. Kamati ikiridhika kwamba kifo kilitokana na madhara ya janga, familia hulipwa rambirambi ya serikali na marehemu huandikwa kwenye orodha. Orodha hiyo imepita watu 3,700, wengi wao wazee. Katika mkoa wa Fukushima, waliokufa kwa njia hii wamewazidi waliouawa na tetemeko na mawimbi yenyewe. Baadhi walikuwa wagonjwa na wazee waliohamishwa haraka kutoka hospitali na nyumba za kulelea, wakasafirishwa saa nyingi ndani ya mabasi bila dawa, bila maji ya kutosha, bila muuguzi anayewajua. Kuwaokoa kwa pupa nako kuliua.

Sasa, mtu anaweza kusema hizo ni nchi zenye wazee wengi, mashine nyingi na umeme wa kuzoeleka. Sisi kwetu ni tofauti. Ni kweli, tofauti ipo. Kwetu wazee ni wachache na watoto ni wengi. Mashine ni chache na kuhara ni kwingi. Lakini jambo lenyewe halibadiliki: janga lina ratiba, na lina majina. Ugonjwa gani utafuata baada ya maji, na baada ya siku ngapi, inajulikana. Nani ataanza kuumia kijijini, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukutajia. Ndiyo maana siamini mtu anaponiambia kwamba vifo vya baadaye ni mapenzi ya Mungu kama ile mvua yenyewe.

Tuanze na ratiba. Siku za mwanzo ni za majeraha, baridi, kuzama na nyoka, kwa sababu nyoka naye hukimbia maji na hupanda palepale penye mwinuko ulipopanda wewe. Kwa siku hizi tunajitahidi. Jeshi hufika, Msalaba Mwekundu hufika, majirani huwa wamefika kabla yao. Tatizo linaanza pale maboti yanaporudi na kamera zinapofungwa.

Kuhara hutangulia. Vyoo vya shimo vimefurika, kisima kimeingiliwa, bomba limepasuka, na watu wamebanana. Vimelea vya kipindupindu vinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache au siku zisizozidi tano tangu avimeze, kwa hiyo wiki ya kwanza na ya pili ndizo za kukesha. Ni ugonjwa wa ajabu kwa namna moja: asipotibiwa mgonjwa mwenye hali mbaya, uwezekano wa kufa unaweza kufika nusu kwa nusu; akitibiwa mapema, hata mmoja kati ya mia hafi. Na tiba yenyewe kwa walio wengi ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa vipimo, pamoja na dripu kwa waliozidiwa. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi vinatosha kumfikisha mtoto kwenye zahanati akiwa hai. Vipimo hivyo viheshimiwe. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto uliyetaka kumponya.

Jirani zetu wa Msumbiji wametuonyesha jinsi mbio za kukiwahi kipindupindu zinavyoweza kukimbiwa. Kimbunga Idai kiliingia Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Kiliua zaidi ya watu 600 nchini humo, kikavunja sehemu ya hospitali kuu ya mji na kuharibu vituo vingi vya afya. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ilianza kutolewa, na ndani ya siku chache watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameinywa. Wakati huohuo vituo vya matibabu vilifunguliwa mitaani, karibu na watu, ili mgonjwa asitembee saa mbili kutafuta dripu. Waliougua walifika takriban 6,700. Waliokufa hospitalini walikuwa wanane. Wanane, katika mji uliokuwa umepoteza umeme, paa na barabara.

Lakini tusiiegemee sana chanjo. Tangu Oktoba 2022, kwa sababu ya uhaba duniani, akiba ya dharura imekuwa ikitolewa dozi moja kwa mtu badala ya mbili, na nchi hupanga foleni. Malawi iliingia katika kimbunga Freddy, Machi 2023, ikiwa tayari katikati ya mlipuko mbaya kuliko yote katika historia yake, uliokuja kuua zaidi ya watu 1,700. Kisichopangiwa foleni ni maji na vyoo. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 hali ikishatulia kidogo. Piga hesabu ya shule moja ya msingi iliyopokea waathirika 300: lita 4,500 kila siku, yaani tenki moja jeusi la lita 5,000 linalojazwa kila asubuhi bila kukosa, na matundu 15 ya vyoo. Shule ngapi unazozijua zina matundu 15 yanayofaa? Na kabla hatujafika kwenye idadi, choo cha wanawake kiwe kando na cha wanaume, kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani na taa njiani. Msichana anayeogopa kwenda chooni usiku atajizuia, au atakwenda na kukutana na aliyemvizia. Hilo nalo ni suala la afya.

Kuna kosa moja la watu wenye moyo mwema ambalo nataka nilikalie kidogo, kwa sababu hurudiwa kila msimu. Ni maziwa ya kopo. Mafuriko yakitokea, mfadhili huona picha ya mama mwenye kichanga na jambo la kwanza linalomjia ni kuleta maziwa ya unga na chupa. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha Botswana. Nchi ile ilikuwa na mpango mzuri wa kuwapa mama wenye virusi vya UKIMWI maziwa ya kopo bure, ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Mpango ulikuwa umejengwa juu ya imani kwamba maji ya bomba ni safi. Maji yakachafuka. Katika miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka ule, watoto zaidi ya 500 wa chini ya miaka mitano walikufa kwa kuhara. Kipindi kama hicho mwaka uliotangulia walikuwa takriban 20. Wachunguzi walipochambua nani ameugua vibaya na nani amepona, tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kati ya mtoto anayenyonya na asiyenyonya. Mwaka huohuo, baada ya tetemeko la Yogyakarta huko Indonesia, watoto waliogawiwa maziwa ya kopo waliharisha zaidi ya mara mbili ya wenzao ambao hawakugawiwa.

Kwa hiyo ukiguswa, mlishe mama. Mpe maji, uji, sehemu yenye faragha ya kukaa na mtoto wake, na mtu wa kumwambia kwamba hofu na uchovu havijayakausha maziwa yake. Mtoto aliyefiwa na mama ni habari nyingine; huyo asimamiwe na muuguzi, siyo na lori la msaada. Leo hata mama mwenye virusi, akiwa kwenye dawa, hushauriwa kunyonyesha katika nchi zetu, na sababu mojawapo ni hiyohiyo ya maji.

Baada ya kuhara huja mbu. Mafuriko yenyewe huyasomba mazalia yake, ndipo watu hupumua. Kisha maji yakituama kwenye mashimo, mazalia hurudi kwa wingi, na malaria hupanda baada ya wiki sita hadi nane hivi. Wakati huo misaada imeshakatika. Mwanzoni mwa 1998, baada ya El Niño, Wajir, nchini Kenya, ilipata mlipuko wa malaria kali katika watu ambao, kwa kuishi nyika kavu, miili yao haikuwa imeuzoea ugonjwa huo. Mvua hizohizo ziliamsha homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya, na ikarudi 2006 na 2007 ikafika Tanzania. Chandarua kikigawiwa siku ya tano kimegawiwa vizuri, ila wiki ya saba ndipo mtu atakapokihitaji zaidi. Na wakati ule chake kitakuwa kimechanika au kimeuzwa anunue unga.

Hadi hapa nimesema magonjwa yanayoambukiza, ambayo wizara zetu zinayajua vizuri. Eneo letu la udhaifu ni dawa za kila siku. Kisukari, shinikizo la damu, kifafa, pumu, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, seli mundu: hawa ni watu ambao kabla ya mvua walikuwa wazima kwa kadiri ya dawa zao. Dawa ikikatika, kila mmoja ana muda wake. Wa kisukari anayetegemea insulini ana siku chache tu. Wa kifafa anaweza kuanguka kesho, na kambini moto wa kupikia uko chini, hauna uzio.

Kuhusu insulini kuna habari njema ambayo haijafika kwa wengi. Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumbani kwa wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, ambako mchana hufika nyuzi 37 na usiku hushuka hadi 25 hivi. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu yake. Maana yake mgonjwa anayejua kujidunga anaweza kukaa na chupa yake hemani kwa mwezi, kivulini, bila friji, badala ya kufungwa nyuma ya foleni ya hospitali kila siku. Hiyo si ruhusa ya kuianika juani, lakini ni sababu ya kutosha ya kutomrudisha mtu mikono mitupu eti kwa kuwa hana friji.

Kwa wenye virusi, mfumo wa sasa wa kuwapa walio imara dawa za miezi kadhaa kwa mara moja umesaidia, ila umeleta hatari mpya: nyumba ikisombwa, dawa za miezi sita husombwa pamoja. Na kadi. Mtu aliyekimbia na nguo moja atajieleza vipi kwenye kliniki ya wilaya asiyoijua? Zaidi ya hayo, kambi haina siri. Kama foleni ya dawa iko kando ya foleni ya unga, na kila mtu anajua meza ile ni ya nini, wapo watakaochagua kutopanga. Muuguzi mwenye busara huweka meza moja ya dawa zote, na kila mgonjwa hutoka na bahasha inayofanana na ya mwenzake.

Mjamzito naye hasubiri barabara itengenezwe. Kwa kawaida, kati ya wajawazito mia, 15 hivi hupata matatizo yanayohitaji mtaalamu, na mafuriko hayapunguzi idadi hiyo. Tanzania tuna zana nzuri ambayo tumeisahau katika mipango ya maafa: chigonella, nyumba zilizojengwa karibu na baadhi ya hospitali na vituo ili mama wa mbali asubiri pale siku zake zikikaribia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua za juu ya wastani, mama wote wa bonde la Rufiji au Kilombero wenye miezi minane wangepaswa kuhamia huko mapema kwa gharama ya halmashauri. Ni wachache, wanahesabika, na kadi zao za kliniki zina tarehe ya matazamio.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wanahesabika, na ipo nchi iliyoonyesha faida ya kuwajua mapema. Mwaka 1991 kimbunga kiliua watu wapatao 140,000 nchini Bangladesh, na wanawake walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi ya wanaume: wengi hawakupata taarifa, au hawakuthubutu kutoka bila mume kurudi, au hawakuiona sehemu yao katika jengo la kukimbilia. Nchi ile ilikuwa na jeshi la watu wa kujitolea tangu 1972. Ililipanua, ikaingiza wanawake hadi wakawa karibu nusu, ikajenga majengo yenye vyumba vyao, na kazi ya kila mmoja wa kujitolea ikawa kujua kwenye kaya zake nani haoni, nani hasikii, nani hawezi kutembea. Vimbunga vinaendelea kuja. Vifo vimeshuka kutoka laki hadi elfu, na mara nyingine hadi makumi. Bangladesh haikutajirika kwanza ndipo ikafanya hivyo.

Kwetu watu wa kufanya kazi hiyo wapo. Kenya ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii Septemba 2023, kila mmoja na kaya zake. Tanzania, Januari 2024, ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi kijijini na mtaani. Kinachokosekana ni daftari: kaya ya nani ina mtu asiyeweza kukimbia, nani anatumia dawa ya kila siku, nani ana mimba ya miezi saba na kuendelea, nani kiziwi ambaye kipaza sauti cha msikiti au cha gari la matangazo hakitamwamsha. Na kando ya kila jina, jina la pili: jirani atakayemfuata.

Naijua hoja ya siri, na ni hoja ya haki. Daftari hilo lisiandike ugonjwa. Liandike tu kwamba huyu anahitaji dawa kila siku. Dawa gani, aijue zahanati. Likae kwa mhudumu wa afya, siyo juu ya meza ya ofisi ya mtendaji ambako kila mpita njia anafunua. Na nakala ya kadi za wagonjwa ihifadhiwe kwenye kituo kilicho mwinukoni, kwa sababu mara nyingi zahanati yenyewe imejengwa bondeni pamoja na watu wake.

Mkutano mkuu wa kijiji, kisheria, hufanyika kila miezi mitatu. Ule wa kabla ya vuli na ule wa kabla ya masika ndiyo yako. Nenda, nyoosha mkono, umwulize mwenyekiti mbele ya watu: kamati yetu ya maafa ni akina nani, daftari la wasioweza kujiokoa liko kwa nani, na dawa za wagonjwa wetu zitalala wapi maji yakija. Na mafuriko yakishapita, miezi sita baadaye, rudi umuulize diwani wako amehesabu vifo vingapi, na ameanzia kuhesabu tarehe gani.